Herufi Mbili za Mganga Thobias

Mwaka 1965 mimi, Anisia, nilikuwa karani wa mafaili katika hospitali moja ya misheni upande wa Geita, na nilijiona kweli kweli. Kazi yangu ilikuwa kugeuza ugonjwa kuwa namba. Mganga akiandika malaria, nafungua kitabu kinene cha magonjwa, natafuta namba yake, naijaza kwenye fomu. Fomu za wachimbaji zilipelekwa Dar es Salaam, kwenye kampuni ya bima ya mgodi. Huko kila namba ilitobolewa kwenye kadi, kadi ikalishwa mashine, na mashine ikaamua nani afidiwe. Haikujua mtu amekaa chini ya ardhi miaka mingapi. Ilisoma matundu tu.

Kalisti alikuwa ametoboa miamba miaka kumi na minne. Alifika akihema kama mtu aliyekimbia, na alikuwa ameletwa kwa gari. Mganga Thobias, mwenye mwandiko wa kuku na uvivu wa maneno marefu, aliandika kwenye faili lake herufi mbili: K.K. Karani gani asiyejua kwamba K.K. ni kifua kikuu? Nikajaza 002, nikagonga muhuri, nikaenda kunywa chai.

Jibu lilirudi kwamba ugonjwa huo hautokani na kazi, hakuna fidia. Mgodi ukamrudisha Kalisti kwao Tinde. Nakala ya fomu yangu ikamfikia bwana afya wa huko, naye akaenda nyumbani kutoa amri: mgonjwa alale peke yake, awe na sahani yake na kikombe chake, watoto wasimkaribie.

Miezi kumi ikapita. Siku moja Thobias alikuja kutafuta faili jingine, akaliona la Kalisti, akauliza nani kaandika 002. Nikamwonyesha herufi zake.

"Ndiyo, K.K.," alisema. "Kifua cha kazi. Ni vumbi la mawe lile."

Alisema hivyo kana kwamba mimi ndiye mjinga, na nilitamani kumtupia kile kitabu. Kisha akafunua ukurasa wa pili. Kulikuwa na majibu matatu ya vipimo vya makohozi, yote safi, hayana kifua kikuu. Yalikuwa mle siku zote, chini ya mkono wangu, nami sikufunua. Hapo hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Mkuu wangu, Bwana Stanslaus, alinishauri niache. Mgodi ulikuwa unafungwa mwakani, nani angeuliza? Nikikiri kwa maandishi, kibarua kinaota nyasi. Nilikaa na woga huo siku mbili, halafu nikaandika barua kwamba kosa ni langu na namba sahihi ni 523. Thobias alitia saini bila kunitazama.

Baada ya wiki sita jibu lilikuja: dai limekubaliwa. Niliomba ruhusa, nikapanda lori la pamba hadi Tinde, barua nimeichomeka kifuani, njia nzima nikipanga maneno ya kumwomba Kalisti msamaha.

Mkewe, Mageni, aliyeitwa Mama Coletha kwa jina la bintiye, alinipokea uani. Alikuwa amenyoa nywele. Kalisti alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

Nilimpa pole. Kisha nilimweleza yote, kwamba mumewe hakuwa na kifua kikuu bali ugonjwa wa vumbi la mawe, kwamba aliyekosea ni mimi, na kwamba sasa fidia ingekuja kwake na watoto. Nikamnyooshea barua. Hakuipokea.

"Dada," aliuliza, "huo wa vumbi unaambukiza?"

Nilitaka sana kudanganya.

"Hauambukizi, Mama Coletha."

Alitazama chumba cha pembeni, kile ambacho mlango wake ulikuwa bado umefungwa kwa kamba kwa nje. Alizungumza polepole, kama anayenielekeza njia.

"Nilikuwa namsukumia sahani kwa mti wa kusongea ugali. Coletha alikuwa anamsalimia kutoka hapa uani. Siku ile ya mwisho aliniomba nimshike mkono tu, basi. Nikamwambia siwezi, nina watoto."