Riba ya Watu Wanne

Jumamosi nyumbani kwa Bi Sindano hapakuwa na pa kuweka mguu. Alikuwa muuguzi mstaafu, na jina hilo alipewa na watoto wa mtaa aliowadunga hadi na wao wakazaa, akawadunga na watoto wao. Mume alishatangulia, wanawe wako mbali, na yeye kukaa akitazamana na kuta hakuweza. Waliomjazia nyumba ni wenzake watatu wa hospitali. Bi Redio alipokea simu mapokezi maisha yake yote, akastaafu na siri za kila wodi. Dobi alifua mashuka. Na Mpishi, huyo wagonjwa walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kukimbia chakula chake. Chai inamiminwa, daktari mkuu wa zamani anasengenywa, vicheko mpaka jirani anagonga ukuta.

Zaidi ya umbea, kilichowafunga pamoja ni akiba. Walipostaafu, kila mmoja na kiinua mgongo chake, Bi Sindano ndiye aliyekuja na wazo. Benki ilitoa riba nono kwa mwenye fedha nyingi aliyekubali kuzifungia kwa muda.

"Tukiweka kila mtu kivyake, tutapata ya sabuni," aliwaambia. "Tuweke pamoja, kwa jina langu, tugawane."

Wakaweka. Kila mwaka riba ikitoka anaigawa sawasawa, na hakuna aliyewahi kununa.

Mpaka mwezi ule pensheni yake ilipokuja imemegwa. Haikuwa pungufu ya kusema ni kosa la karani. Ilimegwa hasa, hela ya dawa za presha yote haipo. Akajifunga kilemba, akaenda ofisi ya kodi.

Afisa aliyempokea alikuwa binti mpole mwenye miwani, anayeongea taratibu kama anayemwamsha mgonjwa.

"Mama, pensheni yako peke yake haifiki kiwango cha kutozwa. Ila una riba."

"Riba benki wanaikata kodi kabla sijaiona, mwanangu."

"Wanakata, na tumekuhesabia. Lakini ile ni sehemu tu. Mwaka ukiisha tunajumlisha pensheni na riba, tunaona mapato yako yote. Ukivuka kiwango, unalipa kwa kile kilichozidi. Wewe umevuka kila mwaka na hujaleta taarifa, ndiyo maana tunakata kwenye pensheni mpaka deni liishe."

"Riba yenyewe si yangu. Ya watu wanne."

Binti akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Majina kwenye akaunti ni mangapi, mama?"

Lilikuwa moja. Bi Sindano alilitazama muda mrefu, jina lake kamili, ambalo hata yeye alikuwa karibu kulisahau.

Jumamosi akawaeleza. Hakuzunguka. Aliomba deni wagawane, kama walivyogawana riba.

Bi Redio akaweka kikombe chini. "Ngoja nielewe, shoga. Pensheni ni yako, kodi ni yako, mimi naingiaje?"

"Unaingia kwa riba. Nimehesabiwa na ya kwako."

"Ya kwangu ingekuwa kwangu nisingedaiwa. Pensheni yangu hata kuku haimshibishi, watanitoza nini?"

"Na mimi ningekuwa na yangu tu nisingedaiwa," alisema Bi Sindano. "Ndiyo nawaambia. Deni limezaliwa na kule kuchanganya."

"Na aliyesema tuchanganye ni nani?" aliuliza Mpishi, macho yakiwa kwenye sahani.

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Wote walikuwa na haki na bado deni lilikuwa pale pale, limekaa katikati yao kama mgeni asiyeaga. Hakuna aliyeomba chai ya pili.

Katikati ya wiki muuza duka alimpa mkate akamwuliza, kwa sauti ya kumwonea huruma, kama ni kweli fedha za wenzake zimepata matatizo. Bi Sindano hakuuliza habari ameipata redio gani. Jioni yake Dobi akapiga hodi. Alikataa kukaa.

"Dada, mimi sisemi umekula," alisema. "Mungu shahidi, sisemi. Ila changu nataka niwe nacho mwenyewe."

"Tukivunja kabla ya muda, riba ya mwaka huu yote inapotea."

"Ipotee."

Akiisha kuomba mmoja, wengine wangeachaje? Walikutana benki asubuhi, wanne kwenye foleni moja. Bi Redio, ambaye hata kwenye msiba huwa hafungi mdomo, alisoma tangazo la ukutani mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Kila mmoja alipokea fungu lake, akalihesabu mbele ya Bi Sindano. Kuhesabu ndiko kulikomuuma. Miaka yote hiyo walikuwa wakisunda fedha kifuani bila hata kuzitazama.

Kutoka pale akaenda moja kwa moja kulipa deni lote kwa fungu lake. Yule binti wa miwani alimpigia muhuri, akatabasamu, akifurahi kwa dhati kuwa na habari njema.

"Mama, pensheni itarudi nzima. Na mwaka kesho, kwa hali hii ulivyobaki peke yako, hutadaiwa chochote."

"Ahsante, mwanangu."

Alifika mlangoni, akazikumbuka kuta za nyumbani, akarudi kwenye benchi la wanaosubiri. Lilikuwa limejaa, wakasogeana akapata pa kukaa. Mlinzi akamwuliza dirisha gani anasubiri, akasema amemaliza, anapumzisha miguu. Akamgeukia mwanamke wa pembeni yake aliyekuwa na mguu umevimba.

"Huo mguu una muda gani?" alimwuliza.

Mwanamke akafungua mdomo amsimulie, namba yake ikaitwa, akaondoka akichechemea.