Gari Juu ya Matofali

Katika miaka kumi na mmoja ya kufundisha udereva pale Manundu, Mwalimu Rehani hakuwahi kuwa na mwanafunzi aliyegonga hata kuku. Alijisifu kwa hilo msibani na harusini. Alichokuwa hakisemi ni kwamba gari lake lilikaa juu ya matofali, halina tairi hata moja. Mwanafunzi wake wa kwanza aliliingiza mtaroni, na Rehani akaapa: elimu itatolewa, ila gari haliendi popote.

Basi hapo juu ya matofali watu walikanyaga klachi, wakabadili gia, wakapiga honi, wakashuka wamelowa jasho. Hamisa aliwashinda wote. Kesho yake trafiki angempima, na akifaulu, kazi ya kuendesha gari la zahanati moja kule Handeni ni yake.

"Mwalimu, leo funga matairi," akasema.

"Ya nini? Gia zote unazijua."

"Kwani trafiki naye atakuja na matofali?"

Rehani akaleta jeki, akafunga matairi kwa uso wa mtu anayejichimbia kaburi. Kisha akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, maana tahadhari kabla ya hatari.

Gari lilinguruma, likaruka mara mbili, likapasua ua wa minyaa na kusimama shubiri moja tu kutoka kwa ng'ombe wa jirani, Mzee Hiza. Ng'ombe aliendelea kucheua. Aliyepiga yowe ni Rehani.

Alifika akitweta, spana mkononi, tayari kuyang'oa matairi na kuokoa jina lake. Hamisa alikuwa ameng'ang'ania usukani, machozi yanamtoka.

"Mwalimu," akasema, "nimekosea wapi?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza Rehani swali hilo, kwa kuwa juu ya matofali hakuna aliyewahi kukosea. Na jibu alilijua! Furaha ilimpanda mpaka akaona haya.

"Umeutazama ua," akasema. "Gari hufuata macho. Tazama unakokwenda, si unachokiogopa."

Akaitupa spana, akazunguka, akaketi kwenye kiti cha pembeni chenye vumbi la miaka. Akafunga mkanda, akapiga bismillahi iliyosikika hadi kwa Mzee Hiza.

"Haya mama, weka gia ya kurudi nyuma."

Mwenyewe alikuwa amefumba macho. Gari lilipoanza kusogea, akayafumbua.