Kitambaa cha Mgema

Majivu hushuka bila kubisha hodi. Alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya vilima vya Iringa, majivu hushuka: juu ya mabati, juu ya majani ya mianzi, juu ya midomo ya mbeta, vile vikombe vya mwanzi ambamo ulanzi, pombe ya mianzi, hudondoka usiku kucha, tone kwa tone, tone kwa tone.

Ng'ambo ya bonde limesimama bomba la mtambo wa umeme. Mtambo hula makaa ya mawe na kutoa mwanga, nao watu wa mteremko waliupokea mwanga kwa shukrani, kwa maana giza walilijua. Lakini mwanga huu una kivuli chenye uzito, na kivuli hicho hukaa kifuani.

Severina alikijua. Hakuwahi kuvuta tumbaku maishani mwake. Hata hivyo, mwaka juzi madaktari wa Mbeya waliona uvimbe katika pafu lake, wakauita saratani, wakaukata ungali mdogo. Akarudi na kovu ubavuni na mgongo wima kama nguzo ya kanisa. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Yeye alitamka saratani kisimani, akatamka saratani sokoni, akaitamka mlangoni pa kanisa mbele ya wazee, wala hakuinamisha uso.

Majivu hushuka bila kubisha hodi. Tangu Kwaresima yalikuwa yameingia kwa Clement, mdogo wake, mgema. Kikohozi kilimshika, naye hospitali hakutaka kuisikia. Basi asubuhi moja ya masika Severina alimfuata katika mianzi.

"Kamwene, dada! Umekuja kunywa au kuhubiri?"

"Kamwene. Nimekuja kutazama."

Clement akatungua mbeta, akamimina ulanzi juu ya kitambaa cheupe. Ulanzi ukapita, masizi yakabaki, meusi juu ya weupe.

"Mbona unachuja?"

"Dada nawe! Niwauzie watu masizi? Nina jina mimi."

"Mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji! Mimi sitii maji, sembuse masizi." Akacheka, kicheko kikakatika, kikawa kikohozi, kikohozi kikamkunja hata akaushika mwanzi kwa mikono miwili.

Severina alingoja. Kisha akakitwaa kitambaa, akakitandaza kiganjani, akakiinua mbele ya kinywa cha ndugu yake.

"Ulanzi wa wateja unauchuja, Clement. Pumzi yako unaichuja kwa kitambaa gani?"

Mianzi ikasikika ikidondosha. Tone kwa tone.

"Na wakiniambia ninayo?"

"Huenda huna. Moshi hauwaui wote waishio chini yake. Umetuongezea hatari tu, nayo hatari haiondoki kwa kufumba macho. Na kama unayo, heri kuambiwa mapema. Mimi niliambiwa mapema, na ndimi huyu ninayekusumbua."

Ee mwanamke wa mteremko, nani alikufundisha kusimama hivyo? Uliokolewa, nawe hukukubali kuokoka peke yako. Kovu ambalo wengine wangelifunika kwa khanga, wewe umeligeuza taa, ukawamulikia jamaa zako njia.

Mgema hapindui mbeta zake katikati ya masika; kufanya hivyo ni kuutupa ulanzi. Clement alitazama bomba, akamtazama dada yake. Kisha akapita mwanzi kwa mwanzi, akazifunika mbeta zake zote midomo chini, na utamu wa usiku mzima ukamwagika katika udongo. Kitambaa akakikunja, akakitia mfukoni.

"Daktari naye aone tunachovuta," akasema. "Twende, dada, kabla sijakuwa mwoga tena."

Wakashuka barabarani kulingoja basi la Mbeya, dada mbele, ndugu nyuma akikohoa, wakitaniana.

Na nyuma yao majivu yakashuka bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Yakatua juu ya migongo ya mbeta, yakatafuta kinywa kilicho wazi, wala asubuhi ile hayakukiona.