Mama wa Kwenye Simu

...na nikimwambia amwamshe ataamka analia, mtoto akikatizwa usingizi hana adabu hata kwa malaika, na kilio hicho ndicho kitakuwa salamu yangu ya kwanza, lakini nikimwambia amwache, basi nitaingia kama mwizi, nisimame na mabegi yangu nikitazama mgongo wa mwanangu, na dada anasubiri jibu, ujumbe wake huu hapa, Nimwamshe?, na teksi haiendi, mbele wanamwaga lami, mtu mmoja kasimama katikati ya barabara na kibao chekundu kama mwenye nchi, "Hawa watu wa lami ni popo, mama," anasema dereva, "mchana huwaoni," nami nacheka, mzee wa watu, kule uwanja wa ndege begi zito kalibeba mwenyewe, eti mgongo wake unataka mazoezi, na aliponiona natetemeka akapandisha kioo bila kuambiwa, mama, ananiita mama, tangu nitue ni yeye wa kwanza, kwa mwanangu mimi ni mama wa kwenye simu, mama mwenyewe ni dada yangu, mtoto nilimwacha bado anasimama kwa kushika kiti, nikaenda ng'ambo kulea watoto wa watu, sasa anakimbia, siku moja aliilaza simu kitandani akaifunika shuka, mama asipate baridi, nilicheka sana dada aliponisimulia, kisha nikaingia bafuni kwa bosi nikafungulia maji yamwagike kwa kelele... na jana dada kamwambia, mama anakuja, naye kamkazia macho, "Mbona upo?", hilo dada hakulisimulia kwa kicheko, alilisema polepole, kama mtu anayengoja kukaripiwa, nikamjibu tu sawa dada, tutaongea, na moyoni nikaapa, nikifika tu namchukua, chumba nimeshapata, dada anajua, upande wa pili wa jiji, karibu na kazi mpya, tufunge mlango wetu wawili, atazoea, uchungu wa mwana aujuaye mzazi...

"Una watoto, mama?"

"Mmoja, baba. Wa kike."

"Anakusubiri?"

"Amelala. Yuko na dada yangu."

"Ah, basi yuko kwao," anasema, anapunguza redio, labda anadhani nataka kusinzia, kwao, ndiyo, ni kwao, aujuaye mzazi wanasema, na alipopata surua nani alikesha, nani alimpepea kwa kipande cha boksi hadi alfajiri, si ni dada, dada ambaye wakwe walimchamba kwa kukosa mtoto na hakuwahi kuniuliza utamchukua lini, kila jioni anamkalisha mbele ya simu, msalimie mama, msalimie mama, angetaka angenyamaza tu nami nikasahaulika, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hilo nalo si walisema wao hao, na yule mtoto mdogo wa bosi siku naondoka alining'ang'ania sketi, nilimbandua vidole kimojakimoja, anapiga kelele ananiita mimi, na mama yake mzazi kasimama pembeni, mikono kaifungua, hajui amshike wapi, nilimhurumia, nikasema moyoni maskini, sikujua namhurumia nani... kumbe ndiye mimi wa kesho, mimi na mtoto chumba kimoja, mlango tumeufunga, usiku anamlilia mama na mama anayeliliwa yuko upande wa pili wa jiji, la, naandika, Usimwamshe dada, lala naye hivyohivyo, mimi nitandikie sebuleni, habari ya chumba kile niachie, nitakaa kwanza na nyinyi kama hamtanichoka, natuma, na papo hapo jibu la dada, Utuchoshe nini mjinga wewe, na mimi hivi nilikuwa nimekaa hapa nalia, na mwenye kibao hajageuza, dereva kazima injini, "Tutachelewa kidogo, mama," "Hamna neno, baba," na kweli hamna neno, asubuhi mtoto akiamka atanikuta nimekaa chini, sitamnyooshea mikono, nitakaa tu, atauliza huyu nani, na dada ndiye atakayemjibu.