Marundo ya Watu Wengine

Kulikuwa bado giza jiwe la kusagia lilipoanza kuyumba jikoni, kwaru, kwaru, juu ya pilipili na nyanya. Mama Saturnina alisaga polepole kuliko siku zote. Alikuwa amechungulia nje, na upande wa mlima Tunupa hakukuwa na nyota hata moja.

"Mvua imelala kule," alimwambia mwanawe Nicanor.

"Hulala kule kila Januari, mama. Tukiisikiliza, tutakula chumvi tupu."

Nicanor alikuwa dereva wa kuwatembeza wageni, na mama yake ndiye mpishi wa safari. Severo, baba yake, alikuwa dereva vilevile. Gari lake lilipokwama kwenye uwanda wa chumvi, alishuka akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Gari lilipatikana zima. Severo hakupatikana. Tangu hapo Saturnina hakumwacha mwanawe aende peke yake, na watu wakiuliza alisingizia upishi.

Siku hiyo mgeni alikuwa mmoja, Bibi Griselda, mshonaji mjane kutoka nchi za joto huko chini. Alihema kwa uhaba wa hewa, na Saturnina akamnywesha chai ya majani ya koka. Walipofika ukingo wa chumvi, Nicanor alisimama akamwagia Ardhi kinywaji chake, kama wanavyofanya wote, akamkaribisha na mgeni naye amwage.

Kwenye ziwa dogo chini ya Tunupa, heroe, ndege wale wa waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamesimama vichwa majini. Bibi Griselda aliwatazama machozi yakimtoka kimyakimya. Walikula nafaka ya kwinoa na nyama kavu ya lama, lakini Saturnina hakuona ladha. Wingu lilikuwa linateremka mlimani. Aliomba waondoke. Nicanor alimtazama mgeni wao jinsi alivyofurahi, akashindwa kumkatiza.

Njiani kurudi, maji membamba yalikuwa yamefunika chumvi, na mbingu ilikuwa juu na chini. Madereva wa Colchani, kijiji chao, huiweka Tunupa katika kioo cha nyuma na kwenda hivyo hadi nyumbani. Sasa kioo kilikuwa cheupe kitupu. Radi ikapiga mbali, kisha karibu. Nicanor aliacha mizaha, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi.

Kisha yakaonekana marundo ya chumvi. Wachimbaji wa Colchani huyarundika ili yachujike maji, kando ya njia ya kutokea, na kila mtoto wa pale anajua kwamba penye marundo ndipo nyumbani.

"Yale pale, mama," Nicanor alisema, akakata kona. Hata yeye Saturnina alishusha pumzi.

Magurudumu ya mbele yakazama. Tope jeusi likaruka, likinuka kama mayai viza. Marundo hayakuwa yao. Yalikuwa ya kijiji kingine, ambacho watu wake hubeba chumvi yao kwa punda, mahali gari halipiti.

Nicanor alivua viatu akakunja suruali. Alisema anakwenda kuita watu, si mbali. Saturnina alitaka kumwambia asiende. Aliushika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Usianze, mama," kijana alisema kwa upole.

Hapo Bibi Griselda akamshika mkono wa shati. "Mwanangu, mimi unaniacha na nani?"

"Na mama, bibi."

"Mama yako mzee kama mimi. Radi ikipiga tutashikana wawili, tufe wawili. Mimi nimekukodi wewe, sikukodi gari."

Mgeni ni mgeni. Nicanor alirudi kitini, miguu ikimtiririka maji. Mvua ya mawe ikapiga paa hata wasisikiane. Kila radi ilipowaka, Saturnina aliitazama shingo ya mwanawe kuhakikisha bado ipo. Bibi Griselda hakuliachia shati.

Wingu lilipoinuka, Tunupa ilitokea kushoto, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Na kati ya gari na marundo, pale hasa ambapo Nicanor angepita, maji yalikuwa yakitoa mapovu polepole juu ya shimo jeusi, pana kama mlango. Kijana alilitazama. Akavaa viatu vyake.

Wenye marundo walikuja na mbao, wakalikwamua gari huku wakicheka. Mmoja alisema hata punda wake hakosei marundo ya kwao. Nicanor alikubali kuchekwa.

Jioni, kwenye kituo cha basi, Saturnina alimfungia mgeni jibini katika kitambaa. Akamuuliza kama kweli aliogopa vile kuachwa.

"Radi niliiogopa," Bibi Griselda alisema. "Kuachwa nimezoea, dada. Lakini niliiona mikono yako pale mlangoni."

Basi likawashwa. Saturnina akaushika mkono wa yule mwanamke dirishani, akatembea na basi kidogo.

"Njoo tena," alisema. "Njoo kiangazi, chumvi ikikauka. Uje kwangu, heroe waache."