Malaika wa Kushoto

"Acha hapo hapo, Modest!"

Laurencia alikuwa bado mlangoni mwa kanisa, kandambili mkononi, akihema. Angelina, mtunza sakristia, ndiye aliyemkimbilia shambani kumwambia kwamba mwenyekiti wa kamati anazisugua sanamu za malaika kwa msasa. Na kweli, Modest alikuwa juu ya stuli, na bawa zima la malaika wa kushoto lilikuwa limebaki udongo mwekundu mtupu uliopakwa chini ya dhahabu. Dhahabu yake ilikuwa vumbi sakafuni, hata kuzoleka haizoleki.

"Shikamoo, mama," Modest alisema bila kushuka. "Askofu anakuja Jumapili. Hawa wamefubaa."

Laurencia hakuitikia. "Wamefubaa kwa sababu mnawaogesha kwa sabuni ya unga kila Jumamosi kama masufuria! Mara ngapi nimesema wafutwe kwa pamba kavu?"

"Ndiyo maana nimeleta hii." Alitikisa kopo la rangi ya kupuliza. "Ya dhahabu. Saa moja tu, wanang'aa wote wawili."

"Hiyo ni rangi ya geti!"

"Kamati imeshakaa, mama. Na kwa heshima zote, hii ilikuwa kazi ya Bruda. Wewe ulikuwa mpishi wake."

Hapo ndipo alipomchoma. Miaka arobaini watu wa Endamarariek walikuwa wakiisifu mikono ya Bruda, na yeye akanyamaza kwa adabu. Adabu gani hiyo! Bruda alikuwa mtawa mzee wakati ule, mikono inatetemeka, hata kijiko cha supu kinamshinda. Alikaa kwenye benchi akielekeza. Kila karatasi ya dhahabu iliwekwa na yeye, binti wa miaka kumi na tisa aliyenuka moshi wa jikoni. Jina lake halikuandikwa popote. Mashahidi wake walikuwa hawa malaika wawili tu, na mmoja alishapoteza bawa.

"Shuka."

Modest alishuka. Sauti ile haikuwa ya kujadiliana nayo.

"Angelina, funga madirisha yote. Na mlango."

Alikuwa amepitia nyumbani kuchukua brashi yake na kijitabu alichoachiwa na Bruda. Ndani yake zilibaki karatasi nne za dhahabu, nyembamba kiasi kwamba ukizigusa kwa kidole zinapotea. Akaulowesha udongo wa bawa kwa maji upate kunata. Akapitisha brashi shavuni mwake ipate mafuta kidogo ya ngozi, kisha akainasa karatasi ya kwanza.

"Lakini mama, kamati ilisha..."

"Funga mdomo. Ukipumua, inaruka."

Karatasi ilitua juu ya bawa, ikajinyoosha, ikashika. Hasira ilikuwa bado imemjaa Laurencia, lakini mkono wake ulitulia tuli. Akapitisha tena brashi shavuni, akainua ya pili. Nyuma yake Modest alisimama wima, kopo kifuani, mashavu yamevimba kwa pumzi aliyoibana, macho yake hayabanduki kwenye mkono wa mpishi.