Shangazi Hakuruhusiwa

Wifi yangu Hidaya ndiye msomi wa ukoo wetu huku juu ya Lushoto. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya unasihi, ule ushauri wa wanafunzi, na chuo kikamleta kwa mafunzo ya vitendo kwenye shule aliyokuwa akisoma binti yangu Salama. Nilimtania kwamba kalipa ada ili afundishwe kusikiliza watu, kazi ambayo mashangazi wa Kishambaa wameifanya bure tangu zamani. Alicheka sana. Mimi nilikuwa nimefurahi kuliko yeye.

Kwetu msichana hamwambii mama yake mambo ya mwili. Huyapeleka kwa shangazi, naye shangazi huja kumtuliza kaka yake kabla hajashika fimbo. Basi Salama alipojigundua ana mimba, alibisha hodi ofisini kwa Hidaya, akamwamkia shikamoo, akasema, "Shangazi, nina jambo."

Hidaya akamkatisha. Chuoni wamefundishwa kwamba mnasihi hamhudumii ndugu yake, humpeleka kwa mwenzake. Akamweleza hivyo kwa upole, akamwelekeza kwa Kristian, kijana wa Mbeya aliyekuja naye mafunzoni. Msimamizi wao alimsifu kwa uamuzi huo. Mimi nauliza, milima hii nani si ndugu wa nani? Na mtoto wa kidato cha tatu aende kumweleza kijana asiyemjua kwamba hajaziona siku zake?

Salama alijibu, "Ahsante, madamu," akatoka. Kwa Kristian hakufika. Alikwenda kwa muuza dawa mmoja gulioni, akanywa alichopewa, na asubuhi nikamkuta damu imemwishia. Hayo ya ofisini alinisimulia Hidaya mwenyewe, kapiga magoti jikoni kwangu, analia kama mtoto.

Sikumpiga. Nilitamani.

Mwosha maiti alipouliza ni ndugu gani wa karibu ataingia kumsaidia, mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, sikuinuka. Hidaya akainuka.

"Mimi. Ni shangazi yake."

"Hayo ungemwambia yeye," nikasema.

Akachukua ndoo ya maji, akaja mlangoni. Kisha nikasogea kumpisha, maana mwanangu alikuwa anasubiri kuoshwa.